Kopo Likiwa Gumu, Kisumu Huamini

Mnunuzi wa aiskrimu mjini Kisumu ana desturi ambayo wageni kutoka Nakuru au Eldoret huistaajabia: kabla ya kulipa, hulibinya kopo kwa kidole gumba. Kopo likibonyea, hurudishwa ndani ya friza na lingine likatolewa chini kabisa; likikataa kubonyea, mnunuzi huridhika, hulipa, kisha hutoka nje kwenye jua ambalo litaimaliza kazi yote ya friza kabla tuktuk haijafika Kondele. Ukimwuliza sababu, atakuambia kwamba yeye hupenda aiskrimu ngumu. Nina shaka na jibu hilo. Ninavyomtazama, anachokitafuta ni uhakika kwamba bidhaa haijaharibika, na ugumu ameufanya kuwa hati ya uhakika huo. Hati yenyewe ndiyo ninayotaka kuihoji, kwa sababu mara nyingi inathibitisha kinyume cha kile anachoamini inathibitisha.

Mapendeleo kama mapendeleo hayana haja ya kutetewa. Wako wanaotaka aiskrimu ipigane na kijiko, wako wanaoiacha mpaka kingo zake zianze kulegea huku kiini kikiwa bado kimeshikana, na wako, hasa watoto lakini si watoto pekee, wanaoikoroga bakulini mpaka iwe majimaji mazito ndipo waanze kuila. Kila kundi huliona jingine kuwa halijui kula. Katika familia nyingi ugomvi huo hurudi kila Jumapili, na kwa kawaida huamuliwa na mwenye kushika kijiko kikubwa.

Ili kuupima ugomvi huo kwa haki, ni lazima tukumbuke kilichomo ndani ya kopo. Aiskrimu ni mchanganyiko wa vitu vinne vinavyokaa pamoja kwa taabu: chembe za barafu, matone ya mafuta ya maziwa, viputo vya hewa, na maji yenye sukari nyingi ambayo hayakuganda. Hicho cha nne ndicho kinachosahaulika. Sukari huyazuia maji yasigande kwenye sifuri, kwa hiyo mchanganyiko huanza kuganda kwenye nyuzi mbili au tatu chini ya sifuri, na kadiri barafu inavyojitenga, ndivyo maji yanayobaki yanavyozidi kujaa sukari na kuzidi kukataa kuganda. Hata katika friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, sehemu ya maji hayo huwa bado ni kioevu, na ndiyo maana kijiko huweza kupenya, ijapokuwa kwa shida, mahali ambapo kisingepenya kamwe katika bonge la barafu tupu. Kwenye nyuzi 12 au 14 chini ya sifuri, ambako wauzaji wanaochota aiskrimu kwa mapande ya mviringo hupenda kuiweka, barafu hupungua na mkono wa mchotaji hupumzika. Kwenye nyuzi tano hadi saba chini ya sifuri, ambalo ndilo joto la mashine zinazomimina aiskrimu laini moja kwa moja kwenye koni, karibu nusu ya maji huwa hayajaganda. Hakuna mstari mmoja, basi, unaoitenga aiskrimu iliyoganda na iliyoyeyuka. Kuna mteremko mrefu, na kila mlaji huchagua mahali pake pa kusimama.

Uchaguzi huo una matokeo kwenye ulimi. Ubaridi mkali huufisha utamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji walieleza mwaka wa 2005 jinsi mlango mmoja mdogo ndani ya chembe za ulimi zinazopokea ladha, ule unaoitwa TRPM5, unavyofanya kazi kwa nguvu zaidi joto linapopanda kutoka nyuzi 15 hadi 35, na jinsi hisia ya utamu inavyopanda pamoja nalo. Watengenezaji waliujua ukweli huu kwa uzoefu muda mrefu kabla haujaandikwa katika maabara: hutia sukari nyingi kuliko ambayo ulimi ungeivumilia katika kinywaji cha kawaida, wakijua kwamba baridi itaificha. Hivyo aiskrimu iliyoachwa mpaka ikayeyuka yote huwa tamu kupita kiasi, na anayelalamika kwamba inamkinai hasemi uongo. Lakini anayeila ikiwa ngumu kama ilivyotoka katika friza naye hupunjwa, maana manukato ya vanila hayapai vizuri katika ubaridi huo, mafuta ya maziwa hayapati nafasi ya kutandaa kinywani, na vipande vya chokoleti vilivyochanganywa ndani yake huvunjika mithili ya nta bila kutoa ladha yoyote mpaka vimekwisha kumezwa. Mtoto anayekoroga bakuli lake, ambaye mama yake humkemea kwamba anachezea chakula, kwa kweli anatafuta ladha ambayo mama ameilipia asiipate.

Historia ya aiskrimu nayo imewahi kuipa kila pande haki yake. Mwaka wa 1934, mjini Hartsdale katika jimbo la New York, lori la mchuuzi mmoja aliyeitwa Tom Carvel lilipata pancha huku mzigo wake ukianza kuyeyuka. Badala ya kuumwaga, aliuuza papo hapo kwa wasafiri wa likizo, akagundua kwamba walaji waliipenda hali ile ya kulegea. Kampuni kubwa ya aiskrimu laini ikajengwa juu ya tukio hilo. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka wa 1988, Mmarekani mwingine, Curt Jones, mtaalamu wa vijidudu, alielekea upande wa pili kabisa: aligandisha matone ya mchanganyiko ndani ya naitrojeni kioevu, akapata punje ndogo zinazohitaji kuhifadhiwa kwenye nyuzi 40 hivi chini ya sifuri, nazo pia zikapata wateja. Kule Uturuki, wenyeji wa Maraş huikanda aiskrimu yao pamoja na unga wa viazi vya okidi na utomvu wa mastiki mpaka ikavutika, na aina zake nzito hukatwa kwa kisu. Sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria tunao mfano wa karibu zaidi katika kulfi ya Wahindi, watu ambao jamii yao imekaa Kisumu tangu reli ilipolifikia ziwa mwaka wa 1901. Kulfi huchemshwa mpaka maziwa yapungue, kisha hugandishwa bila kupigwapigwa, kwa hiyo haina hewa nyingi, ni nzito, na huyeyuka polepole. Kwa hali ya hewa yetu naiona kuwa imefikiriwa vizuri kuliko aiskrimu nyingi za kopo, na ninashangaa kwamba haijaenea zaidi nje ya nyumba na mikahawa ya Wahindi.

Hali hiyo ya hewa inastahili kuangaliwa kwa makini, kwani ndiyo iliyomfundisha mnunuzi wa Kisumu kubinya. Mji umekaa kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na mchana joto hukaribia nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, na mchana wake mara nyingi hauzidi sana nyuzi 25. Tofauti ya nyuzi nne au tano inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila joto si adui wa pekee. Hewa ya kando ya ziwa imebeba mvuke mwingi, na mvuke huo ukiugusa uso baridi wa aiskrimu hugeuka kuwa maji, na katika kugeuka huko huiachia aiskrimu joto uliokuwa umelibeba. Ni jambo lilelile unaloliona kwenye chupa ya soda inayotokwa na jasho mezani. Ongeza upepo wa alasiri unaovuma kutoka ziwani, ambao hutuburudisha sisi lakini huiletea koni hewa mpya yenye joto kila sekunde, utaelewa kwa nini mtu anayekula koni akitembea katika barabara ya Oginga Odinga hula kwa haraka na kwa kuinamisha kichwa, ilhali wa Kenyatta Avenue mjini Nakuru huweza kusimama akazungumza na rafiki yake hadi mwisho.

Kutokana na hayo, mapendeleo ya watu wa miji hii miwili hayawezi kulinganishwa kana kwamba ni ya ulimi mtupu. Mkazi wa Nakuru anayesema anapenda aiskrimu laini anaweza kuichukua ikiwa ngumu, akaiweka mezani, akasubiri. Ana muda. Hali ya kati, ambayo kwangu ndiyo bora, kwake hudumu kwa dakika kadhaa za kutosha. Mkazi wa Kisumu akitaka hali hiyohiyo huipata kwa muda mfupi sana kabla ya kuwa maji mkononi, kwa hiyo hulazimika kuanza na kitu kigumu kuliko anachokitaka ili afikie anachokitaka njiani. Huko si kupenda ugumu. Ni kununua muda, na ni uamuzi wa busara kabisa. Kama desturi ya kubinya kopo ingekuwa na sababu hiyo tu, nisingekuwa na neno.

Ila wengi hubinya kwa sababu nyingine, nao huitamka wazi: wanaogopa kuuziwa aiskrimu iliyoyeyuka ikagandishwa tena. Hofu hiyo ina msingi. Mzigo unaotoka Nairobi kuja Kisumu hupita Nakuru na kupanda Mau, mahali barabara inapovuka mita 2,300, kabla ya kuteremka hadi ziwani. Katika kupanda huko kanieneo ya hewa hupungua, viputo vilivyomo ndani ya aiskrimu hutanuka, baadhi yake hupasuka, na mzigo ukiteremka tena kilichobaki husinyaa na kuachana na kingo za kopo. Hilo peke yake halina madhara kwa afya, ingawa humfanya mteja aone kwamba amepunjwa. Linaloleta madhara ni joto linalopanda na kushuka: mlango wa lori unaofunguliwa kila kituo, makatoni yanayosubiri juani yakihesabiwa, friza ya dukani inayozimwa usiku ili kupunguza gharama, na stima inayopotea. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, na maeneo mengi yakakaa gizani hadi siku iliyofuata. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kuvihifadhi vyakula vingi vikiwa vimeganda kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Lakini nyama inapokuwa bado imeganda, aiskrimu huwa imekwisha kulegea kitambo kwa sababu ya sukari yake, na friza za madukani zenye vifuniko vya kioo, zinazofunguliwa kila mara, hazifikii muda huo.

Tuchukue sasa kopo lililoyeyuka katika mazingira kama hayo na kugandishwa tena, tuone limekuwa nini. Lilipoyeyuka, viputo vya hewa vilitoroka. Friza ya dukani haina mapanga ya kuupigapiga mchanganyiko kama mashine ya kiwandani, kwa hiyo hewa ile haikurudi. Chembe za barafu ambazo kiwandani ziliundwa kwa haraka, zikawa ndogo kiasi ambacho ulimi hauzitambui, safari hii zimejiunda polepole, zikanenepa. Zikishapita sehemu ya ishirini ya milimita, ulimi huanza kuzihisi kama mchanga. Kilichobaki ni kizito zaidi, kina mapande makubwa zaidi ya barafu, na hakina hewa ya kukilainisha. Kwa maneno mengine, ni kigumu kuliko kilivyokuwa kilipotoka kiwandani. Dole gumba la mnunuzi wetu likiligusa kopo hilo halitabonyeza kitu, naye ataenda nalo nyumbani akiwa ameridhika. Wakati huohuo lile alilolirudisha kwa sababu lilibonyea kidogo huenda lilikuwa jipya, limekaa tu sehemu ya juu ya friza ambako baridi ni hafifu, au limejaa hewa nyingi tangu kiwandani.

Suala la hewa linanipeleka kando kidogo, lakini linahusu mfuko wa mnunuzi. Aiskrimu huuzwa kwa lita, haiuzwi kwa kilo, na katika aina za bei nafuu hewa huweza kufikia nusu ya ujazo wa kopo. Hewa si udanganyifu, maana bila hiyo tungekuwa tunatafuna barafu ya maziwa, lakini kuna kiasi cha uungwana. Aiskrimu yenye hewa nyingi ni laini hata ikiwa baridi sana, na huacha povu kavu kinywani. Aliyezoea aina hiyo akisema kwamba anapenda laini anazungumzia kitu tofauti na anayependa laini iliyotokana na joto kupanda kidogo. Wawili hao wakibishana mezani, wanabishana juu ya vitu viwili huku wakidhani ni kimoja. Kopo lililo jepesi mkononi kuliko jirani yake la ujazo uleule lina hewa zaidi, basi. Hilo ni jambo ambalo mkono hulijua bila kubinya.

Kuna wanaosema kwamba aiskrimu iliyoyeyuka ikagandishwa tena haidhuru, kwamba baridi imeua kila kitu. Haijaua. Ugandishaji huwalaza bakteria wengi bila kuwaua, na saa ambazo maziwa yale yenye sukari yamekaa katika joto la Kisumu ni saa za wao kuongezeka. Kopo likigandishwa tena, huganda pamoja nao, na likiyeyuka kinywani wataendelea walipoachia. Kwa mtoto mdogo, mzee au mama mjamzito hilo si jambo la kupuuzwa. Hapa ndipo ninapotofautisha kwa ukali kati ya aiskrimu iliyolegea na iliyorudiwa, kwani tumezoea kuzitia katika kapu moja la shaka. Iliyolegea mkononi mwako dakika chache tangu itoke friza haina kosa lolote, hata ikifikia hali ya kunywewa. Anayependa kuinywa na ainywe. Anayeimwagia kahawa ya moto juu yake, jinsi Waitaliano wanavyofanya, naye asisemwe, na siku moja ningependa mkahawa wa Kericho ujaribu jambo hilo kwa chai ya rangi iliyoiva sawasawa.

Dalili za iliyorudiwa zipo, nazo huonekana zaidi kopo likifunguliwa. Uso wa aiskrimu huwa umeshuka chini ya alama ya kujazwa. Chini ya kifuniko huwa kuna sindano nyingi za barafu, si ule ukungu mwembamba wa kawaida. Wakati mwingine sukari huwa imejitenga, ikaganda chini kama tabaka la rangi nzito, na kopo lililobebwa likiwa limeinama hubakia na uso ulioinama. Koni zilizofungwa hulegea na kupoteza mkatiko wao hata kama aiskrimu iliyomo ni ngumu ajabu. Hiyo, nionavyo, ndiyo dalili ya wazi kuliko zote, kwa kuwa koni iliyolowa haiwezi kukaushwa na friza yoyote. Yule wa kubinya angefanya vyema akiihamisha shaka yake kutoka kwenye ugumu hadi kwenye dalili hizi, na akalitikisa kopo polepole kusikia kama kilichomo kimeachana na kuta.

Wazee wa Kisumu ninaowajua hawabinyi. Wao huagiza ya kikombe, huketi kivulini, huisubiri, na sababu yao ni meno. Jino lenye ufa halina mjadala na nyuzi 18 chini ya sifuri, na yale maumivu ya ghafla ya paji la uso yanayompata mtu anayekula baridi kwa pupa humpata zaidi anayeng'ata kuliko anayelamba. Sijawahi kusikia mzee akilaumiwa kwa kuacha aiskrimu ilegee. Mtoto akifanya hivyohivyo hukaripiwa, na sioni sababu nyingine ya tofauti hiyo isipokuwa umri.

Anayepoteza zaidi kwa imani yetu katika ugumu ni mchuuzi wa baiskeli. Sanduku lake halina stima, lina vipande vya barafu na kifuniko kinachofunguliwa kila mtoto anaposimama, kwa hiyo ikifika saa tisa alasiri karibu kila anachouza kinabonyea. Mama mwenye watoto humpita akaenda dukani, ambako kopo ni gumu. Hata hivyo, ikiwa mchuuzi huyo alipakia mzigo asubuhi hiyo na huumaliza kabla ya giza, ulaini wa aiskrimu yake ni ulaini wa mara ya kwanza, na mtoto atakayeila palepale anakula kitu kilicho karibu zaidi na kilivyotengenezwa kuliko kile kilichonusurika kupotea kwa stima mara kadhaa ndani ya friza ya kioo. Swali linalostahili kuulizwa kwake, na kwa mwenye duka vilevile, ni kwamba zinazobaki jioni huenda wapi. Akijibu kwamba humpa mwanawe na majirani, nunua bila kubinya. Akijibu kwamba huzirudisha kwenye friza ya tajiri wake mpaka kesho, basi zile zitakazokuwa ngumu kuliko nyingine zote katika sanduku lake saa nne asubuhi ndizo za kuachwa.